Makanisa jirani kufanya kazi pamoja: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameandikwa na katibu wa kamati ya makanisa ya kata moja mkoani Kilimanjaro, upande wa juu, migombani. Huku kwetu parokia, usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), kanisa la Kipentekoste, Wasabato na Waanglikana wachache wanatumia barabara moja, zahanati moja na mfereji mmoja. Mengi tumeulizwa baada ya ibada, msibani, au kwa simu na ndugu wa kata nyingine wanaotaka kuanza. Pale ambapo utaratibu wa dhehebu lako unasema vingine, mfuate padri au mchungaji wako.

Kamati yenu ni ya nani? Ni ya mapadri na wachungaji?

Ni ya waumini. Kila kanisa linatoa watu wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Padri na wachungaji ni walezi wetu, tunawaheshimu na hatufanyi jambo la ibada bila wao, lakini mwenyekiti, katibu na mweka hazina ni walei, yaani waumini wa kawaida.

Tulijifunza hilo kwa machungu. Mara ya kwanza tulipojaribu, kila kitu kilikuwa mikononi mwa padri mmoja na mchungaji mmoja waliopendana kweli. Walitembeleana, walikula pamoja, watu wakaona na wakafurahi. Kisha wote wawili wakahamishwa ndani ya mwaka mmoja, na kamati ikafa bila hata kikao cha kuagana. Mtumishi wa Mungu huhamishwa, ndiyo kawaida ya utume wake. Mwenye kihamba hapa, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, hahamishwi, naye ndiye wa kukabidhiwa daftari.

Mnataka tuwe kanisa moja?

Hapana. Mkatoliki anabaki Mkatoliki, Mlutheri anabaki Mlutheri, Msabato anaitunza Sabato yake. Hakuna anayeombwa kufumba macho kuhusu mafundisho ya kanisa lake.

Hata hivyo tusiogope neno umoja kana kwamba ni jambo geni. KKKT yenyewe ilizaliwa mwaka 1963 kwa kuungana makanisa saba ya Kilutheri yaliyokuwa kila moja na uongozi wake. Na tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg nchini Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu mafundisho ya kuhesabiwa haki, yaani jinsi mtu anavyokubaliwa mbele za Mungu, jambo lililowagawa tangu karne ya 16. Kazi hiyo ni ya maaskofu na wanateolojia, nasi tunaiombea. Ya kwetu ni kuhakikisha mama mjane wa jirani hakosi watu wa kumchimbia mumewe kaburi eti kwa sababu anasali upande mwingine wa barabara.

Mbona hapa kijiji kizima ni Wakatoliki na cha pili kizima ni Walutheri?

Ni historia ya misheni. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza Kilema na Kibosho miaka hiyohiyo. Wakati ule kila eneo lilikuwa chini ya mangi wake, yaani mtawala wa jadi, na misheni iliyokaribishwa na mangi ndiyo iliyojenga shule na kanisa pale. Babu zetu wengi hawakuchagua dhehebu kwa kulinganisha mafundisho. Walisoma shule iliyokuwa karibu. Mimi hulisema hili kila penye ubishi, si kwa kudharau imani ya mtu, bali kwa sababu linapunguza kiburi. Mpaka unaotutenganisha mara nyingi ni korongo tu, na mto unaopita humo hauulizi.

Tuanze na nini? Semina? Mkutano wa injili?

Anzeni na misiba.

Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu ya mambo mawili. Kwanza, msiba unakuja hata kama hamjapanga bajeti. Pili, huku kwetu tunazika nyumbani, kihambani, si makaburi ya umma, kwa hiyo familia ndiyo inayobeba kila kitu: turubai, viti, maji, sufuria, chakula cha watu mia tatu wanaopanda kutoka mjini na wanaofika usiku kutoka Dar es Salaam. Hakuna kanisa moja lenye viti vya kutosha. Vikikusanywa vya makanisa matatu, vinatosha.

Ukija kwetu jioni baada ya maziko utawaona vijana wamepindua viti vyote miguu juu, kama wanavikagua magonjwa. Chini ya kila kiti kuna alama ya rangi: nyeupe ni ya parokia, bluu ya usharika, nyekundu ya Wapentekoste. Wanavipanga mafungu matatu kwenye nyasi, mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika. Kiti kilichovunjika mguu kinaandikwa pia, na jina la aliyekuwepo. Nimeketi katika semina nyingi za umoja wa Wakristo, baadhi nzuri sana, lakini umoja wa kweli nimeuona zaidi kwenye nyasi zile, kijana wa kwaya ya Kilutheri akifuta matope kwenye kiti chenye alama nyeupe kabla hajakirudisha.

Baada ya misiba, ongezeni kutembelea wagonjwa. Sisi tuna zamu ya Jumanne: watu wanne, kila mmoja wa kanisa tofauti, wanapita nyumba tano au sita za wazee wasioweza kutoka. Wanapeleka sabuni, sukari, mafuta ya taa, na wanakata majani ya ng'ombe kama hakuna wa kukata. Sala fupi, wanaondoka. Kinachokatazwa kabisa ni kumwambia mgonjwa "ungekuwa kwetu ungepona."

Kisha kuna mfereji. Mifereji ya mlima huu ilichimbwa kabla ya dhehebu lolote kufika, na msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuisafisha uliwakutanisha wazee wetu kabla hawajabatizwa. Kamati haikuuanzisha. Tulichofanya ni kukubaliana kwamba siku ya msaragambo inatangazwa makanisa yote wiki moja, kwa maneno yaleyale, na haipangwi Jumamosi wala Jumapili ili pasiwe na wa kujitetea.

Kwenye maziko tunasema Baba Yetu ipi?

Swali hili linaonekana dogo kwa asiyewahi kulipitia. Hebu fikiria watu mia tano kando ya kaburi. Kiongozi anaanza "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako..." na hapo sauti zinapasuka. Nusu wanasema "litukuzwe", nusu wanasema "litakaswe". Wengine "ufalme wako ufike", wengine "ufalme wako uje". Wa huku wanaomba mkate wa kila siku, wa kule wanaomba riziki. Mwisho Wakatoliki wanasema Amina na kunyamaza, na wengine wanaendelea peke yao, "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu", sauti zikififia kwa aibu kana kwamba wamekosea.

Hakuna aliyekosea. Ni sala ileile iliyotafsiriwa katika Kiswahili kwa mikono tofauti. Utaratibu wetu ni huu: anayeongoza ibada ndiye anayetamka kwa namna ya kanisa lake, na kabla ya kuanza anasema wazi, "Kila mmoja aombe kama alivyofundishwa na mama yake, na tutamalizia pamoja kwa utulivu." Wale wafupi wanawasubiri wale warefu. Tangu tulipoanza kusema sentensi hiyo moja, aibu imeondoka. Mwaka jana msibani nilimsikia bibi mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akimalizia na Walutheri, "hata milele, Amina", na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Salamu nazo ni hivyohivyo. "Tumsifu Yesu Kristu" hujibiwa "Milele, amina", na "Bwana Yesu asifiwe" hujibiwa "Amina". Mgeni anayesimama kusema neno atoe zote mbili, kuanzia ya wenye msiba. Na tusisahihishane Kristu na Kristo. Ni Bwana yuleyule.

Biblia gani isomwe kwenye ibada ya pamoja?

Waprotestanti wengi wameizoea Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, na maneno yake wanayo kichwani. Kwa ibada ya pamoja sisi tunapendelea Biblia Habari Njema, kwa sababu ilitafsiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa ushirikiano kupitia vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya, na inapatikana pia ikiwa na vitabu vya Deuterokanoni, vile ambavyo Wakatoliki wanavyo na Biblia nyingi za Kiprotestanti hazina. Zaburi ya 23 ndiyo pekee tunayoiacha isomwe kwa maneno ambayo marehemu aliyapenda.

Je, Mkatoliki anaweza kupokea Meza ya Bwana kwa Walutheri, au Mlutheri Komunyo kwa Wakatoliki?

Kwa kawaida hapana, na kamati haigusi jambo hili. Kanisa Katoliki lina sheria yake: Mkatoliki anapokea kwa padri wa Kikatoliki, na Mkristo asiye Mkatoliki hupewa Komunyo katika hali chache sana zilizoainishwa, kama hatari ya kufa, na kwa masharti. Makanisa mengine yana milango iliyo wazi zaidi, lakini mlango kuwa wazi upande mmoja hakumpi ruhusa wa upande wa pili.

Nataka msomaji ajue kwamba jeraha hili lina historia hapa hapa Afrika Mashariki. Juni 1913, wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wengine walikutana Kikuyu, Kenya, kupanga namna ya kushirikiana. Mwisho wa mkutano, askofu wa Kianglikana wa Mombasa, William Peel, aliongoza ibada ya Meza ya Bwana katika kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana wakashiriki. Habari zilipofika Unguja, Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana mwenzao, aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wamepotoka katika imani. Mjadala uliitikisa Uingereza nzima. Ibada moja tu, ya watu waliomaliza mkutano kwa furaha.

Lakini kazi ya Kikuyu haikufa. Misheni zile ziliunda ushirika wao mwaka 1918, na kutokana nao ikazaliwa shule ya Alliance mwaka 1926. Mimi huisoma habari hiyo hivi: walipokimbilia mezani waligombana, na walipojenga shule walidumu. Inaniuma kusema hivyo, kwa sababu natamani siku moja tule mkate mmoja. Kusimama kwenye mstari na kuona rafiki yako wa miaka thelathini amebaki ameketi ni maumivu ya kweli, na sioni sababu ya kuyaficha.

Ubatizo wa kanisa jingine unatambuliwa?

Kati ya Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wamoravian, ndiyo, ikiwa ni kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Anayehamia habatizwi tena. Hufundishwa na kupokelewa. Tunza cheti. Wapentekoste, Wabaptisti na Wasabato wengi hawautambui ubatizo wa watoto wachanga, nao humbatiza aliyekua kwa kuzamishwa. Tumekubaliana kutobishana juu ya hili mbele ya familia.

Binti yangu Mlutheri anataka kuolewa na Mkatoliki. Tufanye nini?

Pokea baraka, kisha nenda mapema. Asilimia kubwa ya machozi tunayoyaona mwezi Desemba, watoto wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na harusi zikibanana, yanatokana na kuchelewa kuuliza.

Kwa upande wa Kanisa Katoliki, ndoa ya mseto inahitaji kibali cha askofu, na padri ndiye anayekiomba. Mkatoliki anaahidi kuitunza imani yake na kufanya awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake haapi, ila lazima aelezwe wazi ahadi hiyo ili ajue. Ikiwa wanataka ndoa ifungwe usharikani, hilo nalo linahitaji ruhusa ya askofu kabla. Ikifungwa huko bila ruhusa, Kanisa Katoliki halitaihesabu kuwa halali, na mwenzi Mkatoliki atajikuta amezuiwa kupokea sakramenti hadi jambo lirekebishwe. Pia hairuhusiwi kufunga mara mbili, asubuhi parokiani na mchana usharikani, ili kuwaridhisha wazazi wote. Kinachowezekana ni mchungaji kualikwa kusoma Neno, kuomba na kuwabariki maharusi, iwapo padri ameafiki.

Kwa upande wa KKKT, muone mchungaji wa usharika, kwa kuwa dayosisi zina taratibu zake. Na kwa sheria ya nchi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, taarifa ya kusudio la kufunga ndoa inatolewa angalau siku 21 kabla. Kwa uzoefu wetu, miezi sita ndiyo inayowapa watu pumzi.

La watoto lizungumzwe kabla ya posa, na wanandoa wenyewe, si na wajomba. Nimewaona wenzi waliokubaliana vizuri kabisa, kisha bibi akamchukua mjukuu kwa siri akabatizwe. Miaka kumi baadaye familia hizo bado hazisalimiani. Kama wewe ndiye bibi huyo na mtoto bado hajabatizwa, nakusihi, subiri.

Kanisa limegoma kumzika marehemu. Je, tuite kanisa jingine?

Hutokea: marehemu hakufunga ndoa kanisani, au aliacha kushiriki muda mrefu, na kanisa lake linasema halitaongoza ibada. Familia katika uchungu inampigia mchungaji wa jirani, naye akija mbio, ugomvi unaanza kati ya makanisa wakati mwili bado uko ndani.

Makubaliano yetu ni simu moja. Anayeombwa kuzika muumini wa kanisa jingine anampigia kwanza mwenzake wa kanisa hilo na kumsikiliza. Mara nyingi panapatikana njia: katekista au mwinjilisti anaongoza sala fupi nyumbani, jumuiya inakuja kuimba, hata kama misa haifanyiki. Isipopatikana, yule aliyeombwa anakuja kwa amani na kwa kujulikana. Kwa vyovyote vile, viti, turubai na watu wa kuchimba kaburi havigomi. Hilo liko kwenye katiba yetu ya kurasa mbili, na ndicho kipengele ninachokipenda kuliko vyote.

Fedha mnazishikaje?

Hapa ndipo ushirikiano mwingi unapovunjikia, kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo.

Hatuna mfuko mkubwa. Kila kanisa linatoa sadaka moja kwa miezi mitatu, Jumapili iliyotangazwa (Wasabato Jumamosi yao), na inahesabiwa palepale na watu wawili wa kanisa hilo mbele ya mtu mmoja wa kamati kutoka kanisa jingine. Kiasi kinaandikwa, wote watatu wanasaini, na risiti inabandikwa ubaoni. Akaunti ina watia saini watatu wa madhehebu matatu tofauti, na hakuna hundi inayotoka kwa saini chini ya mbili. Taarifa inasomwa makanisa yote siku ileile, ikiwa na kila matumizi, hata shilingi elfu mbili za bodaboda.

Hatulinganishi nani kachangia zaidi. Mwanzoni tulikuwa tunasoma kiasi cha kila kanisa, tukidhani ni uwazi. Matokeo yake kanisa dogo liliona haya, likaacha kutoa, kisha likaacha kuja. Ilituchukua miezi kuwarudisha. Sasa inasomwa jumla tu, na mwenye kutaka undani anakuja kuangalia daftari.

Wafadhili? Tumewahi kupewa ahadi na mgeni mmoja kwa sharti kwamba kanisa fulani liongoze. Tulishukuru, tukakataa.

Kikundi kisicho na mali wala akaunti kinaweza kuendelea kama kamati ya kawaida ya ujirani. Mkitaka akaunti na mali kwa jina lenu, pelekeni katiba kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na anzeni kwa kumuuliza ofisa maendeleo ya jamii wa kata awaelekeze.

Mnazuiaje kuibiana waumini?

Mtu ni huru kuhama. Imani haifungwi kamba. Kinachokatazwa ni kutumia kazi ya kamati kuvua waumini. Anayekwenda kwa mgonjwa kwa zamu ya Jumanne hagawi kadi za mkutano wa kanisa lake. Akitokea mtu anataka kuhama baada ya kuhudumiwa, kanisa analohamia linalijulisha kanisa analotoka.

Wapentekoste na Wasabato wanakubali kweli?

Wanakubali wakialikwa tangu mwanzo, na wanakataa wakiitwa kuja kusaini kilichokwisha amuliwa, kama ambavyo yeyote angekataa. Wasabato kwetu ndio wanaoongoza somo la afya: shinikizo la damu, kisukari, lishe, pombe. Hili la pombe ni gumu kwenye nchi ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na wanalisema kwa upole kuliko wengi wetu. Vikao havipangwi kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama. Wapentekoste wameleta vijana na nguvu ya maombi ya usiku kwa wagonjwa mahututi. Mchungaji wao mmoja hashiriki ibada za pamoja kwa dhamiri yake, lakini kila msaragambo jembe lake ni la kwanza. Tunaliheshimu hilo.

Vipi kuhusu vipaza sauti vya mkesha?

Ongeeni kabla ya maofisa wa mazingira au polisi hawajaitwa. Kwetu spika za nje zinazimwa saa nne usiku, mkesha unaendelea ndani bila spika, na kengele ya alfajiri ya parokia imepunguzwa pia. Kila upande ulitoa kitu.

Waislamu wa kata wana nafasi?

Kamati ni ya makanisa, lakini maji, wagonjwa na misiba ni ya wote. Imamu anaalikwa kwenye kikao cha mfereji, na tunapozika mwenzao tunapeleka viti na mikono haraka, kwa kuwa wao hawachelewi kuzika. Wapishi wetu wanajua: panapotarajiwa Waislamu, anachinja Mwislamu.

Mnajihusisha na siasa?

Mgombea haombi kura kwenye jukwaa letu, na hakuna mwanakamati anayegombea akiwa bado kamatini. Barabara mbovu na dawa kukosekana zahanati tunavisema kwa mtendaji wa kata kwa barua iliyosainiwa na wote.

Huko juu kitaifa, makanisa yanashirikiana?

Ndiyo, na kwa muda mrefu. Jumuiya ya Kikristo Tanzania, CCT, inawaunganisha Walutheri, Waanglikana, Wamoravian, Wamennonite, AIC (Africa Inland Church) na wengine. Wakatoliki wana Baraza la Maaskofu, TEC, lililoanza mwaka 1956. Mwaka 1992 CCT na TEC waliunda pamoja Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, inayoratibu hospitali na shule za makanisa, na mwaka huohuo makanisa yaliwekeana makubaliano na serikali kuhusu huduma hizo. Ndiyo maana hospitali ya kanisa inaweza kuwa hospitali teule ya wilaya, kama Huruma kule Rombo, na kuwatibu wote. KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 na Shirika la Msamaria Mwema, ni hospitali ya rufaa ambayo kila familia ya mlima huu ina kumbukumbu nayo. Kwa bara zima kuna Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, lililoanzishwa Kampala mwaka 1963 na lenye makao Nairobi.

Na Uganda kuna Namugongo. Kati ya mashahidi waliouawa miaka ya 1885 hadi 1887 walikuwamo Wakatoliki na Waanglikana, wengi wao wakichomwa pamoja tarehe 3 Juni 1886. Kabaka mmoja, yaani mfalme wa Buganda, moto mmoja. Vijana wetu wa kipaimara tunawasimulia habari hiyo katika madarasa ya makanisa yote.

Kuna siku maalumu za kuomba pamoja?

Wiki ya kuombea umoja wa Wakristo ni tarehe 18 hadi 25 Januari, ilianza mwaka 1908. Siku ya Maombi ya Wanawake Duniani ni Ijumaa ya kwanza ya Machi. Kila mwaka wanawake wa nchi moja huandika ibada inayotumika duniani kote, na mwaka 2025 walikuwa wa Visiwa vya Cook. Ya akina mama ndiyo inayojaa zaidi kwetu. Wanazunguka kanisa hadi kanisa mwaka hadi mwaka, na kanisa wenyeji linapika.

Padri au mchungaji wetu hataki. Tufanyeje?

Msimpite kwa nyuma. Muulizeni anaogopa nini, kwa maana mara nyingi ana sababu: aliwahi kudanganywa, au anahofia kundi lake kuchanganywa mafundisho. Mwombeni ruhusa ya jambo moja lisilo la ibada, kama kuazimana viti. Mwaka ukipita, mpelekeeni daftari alione mwenyewe.

Sisi si wa kata yenu. Tunaweza kuazima turubai na viti?

Kata jirani, ndiyo, kwa msiba tu, si kwa harusi. Aje mtu mzima anayejulikana na mzee wa kanisa lolote, asaini kwa mweka hazina. Hakuna malipo, usafiri ni juu yenu. Virudi kesho yake kabla ya saa sita mchana, vimefutwa, vimepangwa kwa rangi. Kilichovunjika kirudishwe pia, fundi wetu hukichomelea mguu Alhamisi.